Semina ya Laki Nane

Kila Alkhamisi Thuwaiba akirudi skuli hakai kitako. Hubadilisha sare, akala kilichopo, kisha akashuka uani kumsaidia mama yake kupika mikate ya ufuta. Mama yake, Bi Mwanamwema, hutandaza unga ndani ya chungu. Thuwaiba hunyunyiza ufuta, halafu chungu hufudikizwa, mdomo chini, juu ya makaa mpaka mkate ushike rangi. Kazi hiyo haitaki mtu mwenye mawazo mengi. Ukigeuza kichwa kidogo tu, mkate umeungua.

Alkhamisi hiyo Thuwaiba aliunguza mitatu.

"Una nini leo? Unaumwa?" mama yake alimuuliza.

"Siumwi, mama."

Hakuwa akiumwa kweli. Alikuwa na siri, na siri yenyewe ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Saa moja nyuma alikuwa amempelekea chai kaka yake Khelef ghorofani. Khelef alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu, chuo kikuu Tunguu. Asubuhi ile mama yao alikuwa amemtumia kwenye simu laki nane za ada ya muhula. Alizikusanya miezi mitano, mkate kwa mkate. Mwisho wa kulipa ulikuwa Jumatatu, na asiyelipa hafanyi mtihani.

"Ada silipi," Khelef alinong'ona, macho yanamng'aa. "Nnalipa semina ya Mwalimu Zahran."

"Semina ya nini?"

"Ya opsheni. Watu wanafanya biashara ya hisa za makampuni makubwa ya nje, kwa simu tu. Sikiliza. Kiwanja kinauzwa milioni kumi, wewe huna. Unatoa arbuni ya laki moja, mwenyewe anakuwekea mwezi mzima kwa bei ile ile. Kiwanja kikipanda bei, umefaidi. Opsheni ndiyo hiyo, ila badala ya kiwanja ni hisa."

"Na kisipopanda?"

"Arbuni imekwenda. Lakini Mwalimu anafundisha namna ya kutokosea."

"Kwani yeye anajua kesho bei itakuwaje?"

"We mtoto, hujui kitu!" Khelef alifoka kwa sauti ndogo. "Bakar wa Chukwani kasoma kwake mwaka jana, ndiye aliyenipeleka. Nshatoa laki mbili za kushika nafasi. Sita zilizobaki nnazitoa leo saa kumi na moja, hotelini. Zimebaki nafasi tatu tu! Chuo nitawaomba wanivumilie kidogo. Wiki mbili nyingi, ada nairudisha na cha juu. Niapie humwambii mama."

Thuwaiba aliapa. Alipokuwa anashuka ngazi akatamani ameze kiapo chake kirudi tumboni.

Saa tisa akaingia shangazi yake, Bi Rukaiya, dada wa marehemu baba yao, mwanamke wa maneno makavu. Alikuwa amechoka. Binti yake Wafaa amekuja kuposwa, na yeye ilikuwa wiki ya pili anazunguka kumuulizia mchumba.

"Nimekwenda msikitini kwao, nimekwenda dukani anakokopa, nimekwenda kwa tajiri wake wa kazi," alisema huku anajipepea kwa ushungi. "Wenzangu wananiambia, 'Bi Rukaiya, kijana si unamuona, kanzu safi, maneno mazuri!' Kanzu hata mwizi anafua."

Bi Mwanamwema alicheka, akaenda ndani kuswali. Thuwaiba akabaki na shangazi yake na moshi wa makaa.

"Shangazi," alisema, "na mwalimu naye huuliziwa?"

Bi Rukaiya aliacha kujipepea. "Mwalimu gani?"

"Nimeapa nisiseme."

"Umemwapia nani? Na jambo lenyewe likitokea, ataumia nani?"

Thuwaiba alitazama mlango aliokwenda mama yake. Machozi yakamtoka. "Mama," alisema, na baada ya neno hilo mengine yote yakamwagika.

Bi Rukaiya hakupiga kelele. Aliuliza malipo ni saa ngapi, akajifunga buibui lake vizuri.

"Na kiapo changu, shangazi?"

"Kiapo kina kafara yake. Kulisha maskini kumi huwezi, basi utafunga siku tatu, na mimi nitafunga pamoja nawe. Bi Mwanamwema!" aliita. "Namchukua huyu mara moja, tunakwenda Chukwani."

"Mchukue!" mama alijibu kutoka ndani. "Kashaniunguzia vya kutosha."

Saa kumi na robo walimkuta Bakar barazani kwao, anachezea simu. Aliposikia jina la Mwalimu Zahran alikaa sawa, akaanza kusema haraka kama mtu anayesoma kitu alichokariri.

"Ni mwalimu mzuri sana, Bi. Kabadilisha maisha ya watu wengi. Ni kujiamini tu na..."

"Nakuuliza wewe," Bi Rukaiya alimkata. "Mwaka mzima sasa. Umepata kiasi gani?"

"Inategemea soko, Bi."

"Mwanangu, mimi sijui soko. Mwezi uliopita umepata ngapi?"

Bakar aliinama. Mama yake akatoa kichwa dirishani. "Mwambie, Bakar! Mwambie pikipiki yako iko wapi!"

Bakar aliiweka simu chini.

"Nimeiuza," Bakar alisema hatimaye. "Laki nane za kwanza nililipa semina. Za pikipiki niliingiza kwenye biashara. Miezi miwili zikaisha. Nilipomwendea Mwalimu akaniambia nilikuwa na pupa, nisome semina ya pili, milioni na nusu. Sina. Akasema basi nilete watu, kwa kila mmoja yeye ananipa laki."

"Na Khelef?"

"Ni wa tatu."

"Kaka yangu anakupenda," Thuwaiba alisema. "Kila siku ni Bakar, Bakar."

Bakar alijifuta uso kwa kiganja. Akasimama, akavaa ndara.

Walifika hotelini saa kumi na moja kasorobo. Ukumbini palikuwa na vijana kama ishirini, viti vya kitambaa cheupe, maji ya chupa. Ukutani picha kubwa ya Mwalimu Zahran ameegemea gari. Mwenyewe alisimama mbele, anatabasamu. Khelef alikuwa wa pili kwenye foleni ya meza ya malipo, simu mkononi.

Alipomwona mdogo wake, uso ulimbadilika. "Umesema! Si umeniapia?"

"Nimesema," Thuwaiba alijibu. Alisonga mbele. "Kaka, usilipe kwanza. Muulize kitu kimoja."

"Kuna nini, binti?" Mwalimu alisogea, bado anatabasamu. "Uliza tu."

"Mwaka huu umepata pesa nyingi kwenye opsheni, au kwenye ada za hawa?"

Baadhi ya vijana walicheka. Mwalimu hakucheka.

"Mahesabu yangu ni siri ya biashara," alisema. "Haya ni mambo ya wakubwa. Tuendelee, jamani, muda unakwisha!"

"Swali la mtoto mbona zuri," alisema kijana mmoja wa nyuma. "Tuonyeshe akaunti yako, Mwalimu. Si picha. Fungua hapa hapa."

"Leo mtandao si mzuri."

Bakar alijitokeza. Hakumtazama Mwalimu, alimtazama rafiki yake. "Khelef, mimi sijapata hata shilingi. Nnalipwa laki kwa kukuleta wewe. Nisamehe."

Khelef alimkazia macho. Kisha akatoka kwenye foleni, akaiendea meza. "Naomba laki mbili zangu."

"Za kushika nafasi hazirudi," alisema yule wa mezani bila kuinua kichwa.

Jioni hiyo Khelef alimweleza mama yake mwenyewe, amekaa chini uani. Bi Mwanamwema alisikiliza mpaka mwisho. Kijana alitamani apigiwe kelele, hakupigiwa. Jumamosi aliuza simu yake nzuri, akabaki na ya vitufe. Jumatatu asubuhi ada ililipwa yote, na jioni Thuwaiba na shangazi yake walifuturu futari ya kwanza ya kafara kwa mikate ya ufuta.

Hapo ndipo mama alipozungumza.

"Thuwaiba, mtu akikuapisha umfiche mama yako jambo litakalomuumiza mama yako, usikubali kuapa. Na ukishaapa, njoo useme, tutafunga." Akamgeukia Khelef. "Biashara hiyo ipo, sikatai. Ukiitaka, vitabu vyake vipo Tunguu, soma bure mpaka uelewe. Ukiona bado unahitaji mwalimu, muulizie kwa waliomaliza kwake, si kwa wanaolipwa kukuleta, na akuonyeshe anavyoishi kwa kazi yake, si kwa kiingilio chako. Akikataa, rudi nyumbani."

"Naam, mama."

"Elimu nitakulipia mimi, hata kwa mkate mmoja mmoja. Pupa, baba, utailipia mwenyewe."