Maji ya Kisima Ndani ya Boila

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa chama cha reli, katika shule moja ya Kibwezi, walibeba maji ya mvua kutoka tangi la kanisa hadi kibanda cha injini. Ilikuwa injini ndogo ya mvuke, ya reli nyembamba, iliyovuta mkonge shambani enzi za babu zao. Ilikuwa imelala miaka arubaini. Leo ingewashwa tena mbele ya wazazi, na Ndila ndiye aliyechaguliwa kuvuta kamba ya king'ora.

Lakini hakuwa na furaha. Jana zamu ilikuwa yake, kengele ilikaribia kulia, na kanisa liko mbali. Basi alikinga mitungi mitatu kwenye bomba la kisima hapo karibu, akaimimina yote ndani ya boila, tangi la injini la kuchemshia maji. Jamani, mtoto gani wa Kibwezi asiyejua kwamba maji yale yana chumvi? Birika la mama yake lilikuwa na ukoko mweupe ndani, wa kukwanguliwa kwa kisu!

Bi Zulekha, fundi aliyeitengeneza injini ile kwa miaka mitatu, alikuwa akipanga kuni.

"Ndila, mbona umekunja uso? Maji yote ni ya mvua, sivyo?"

"Ndiyo, Bi Zulekha," alijibu, na papo hapo akajichukia.

Rafiki yake Muthoki, aliyejua siri ile, alimnong'oneza, "Nyamaza tu! Watu wamejaa."

Bi Zulekha akawasha kiberiti.

"Ngoja!" Ndila alipiga kelele. "Usiwashe! Jana nilitia maji ya kisima!"

Mzazi mmoja akasonya. Bi Zulekha alikizima kiberiti. "Yangetoa povu, likaingia kwenye silinda na kuziharibu. Miaka yangu mitatu, Ndila!"

Ndila alilia mbele ya watu wote.

Maji yalimwagwa, boila ikasuuzwa. Wazazi na watoto wakashika mitungi, wakaelekea kanisani. Ndila alienda mara saba. Saa kumi, mvuke ulipokuwa wa kutosha, kamba ya king'ora alipewa mtoto wa Gredi ya Nne.

"Wewe simama hapa," Bi Zulekha alimwambia Ndila, akimwonyesha kioo cha kupimia maji. "Yakishuka chini ya alama hii, sema."

"Mimi? Baada ya niliyofanya?"

"Wewe. Marehemu baba yangu alichochea moto wa injini hii, na alikosea mara nyingi. Aliyemwogopa ni mtu anayekosea akanyamaza. Umechelewa kusema, lakini umesema. Siku nyingine, sema mapema."

King'ora kikalia, watu wakashangilia. Ndila hakugeuka, macho yake yalikuwa kwenye kioo.