Kamera Nne na Uzio wa Masale

"Ufunguo uliurudisha, sikatai," alisema Mama Anneth, mkono kiunoni. "Ninachouliza ni kimoja tu. Kabla ya kuurudisha, ulipita nao kwa fundi gani akakuchongea mwingine?"

Mama Penina alikuwa upande wa pili wa uzio wa masale, mimea ya majani marefu iliyotenga viwanja vyao, ndoo ya pumba mkononi. Hakuiweka chini.

"Rudia, Mama Anneth. Rudia polepole, hawa nao wasikie vizuri."

Hao aliowasema walikuwa wengi. Mtaa ule wa Sakina hauhitaji mbiu. Ukipandisha sauti kidogo tu, mafundi pikipiki wa ng'ambo ya barabara huzima injini wasikose neno, na muuza nyanya husahau kurudisha chenji.

Nyuma ya pazia la sebuleni, Anneth alisikia kila kitu. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Familia yake ilikuwa imerudi jana yake kutoka Rombo. Kila Desemba Wachaga wa mtaa ule hufunga nyumba na kwenda kwao kula Krismasi. Mtaa hubaki mikononi mwa Mama Penina, Mmeru wa Kikwe, ambaye kwao si mbali. Kwa miaka saba ufunguo wa akiba wa nyumba ya akina Anneth ulikaa kwake, ndani ya mkebe wa majani ya chai. Lakini mwaka huu Baba Anneth alifunga kamera nne na king'ora, akaenda kuuomba ufunguo wake.

"Usisumbuke tena, Mama Penina," alimwambia. "Sasa nyumba inajilinda."

Mama Penina aliutoa mkebeni, akaupangusa, akamkabidhi.

Sasa ile nyumba iliyojilinda haikuwa na runinga, wala mtungi wa gesi, wala cherehani ya Mama Anneth pamoja na sare za kwaya alizokuwa akishona. Mlango wa nyuma ulikutwa wazi, haukuvunjwa. King'ora hakikulia hata mara moja.

Mchana alikuja Naftali, fundi aliyefunga zile kamera. Alifungua kisanduku kinachohifadhi picha, akabonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Kamera ni nzima. Zilizimwa tarehe ishirini na sita, saa nane mchana, pamoja na king'ora. Na aliyezima hakubahatisha. Ameandika neno la siri mara moja tu, likakubali."

Huko Rombo Baba Anneth alikuwa ametazama picha siku mbili za kwanza tu, kisha sherehe zikamsahaulisha.

"Na mlango?" aliuliza Baba Anneth.

"Kitasa kama hiki, mwizi akipata mchana mzima bila king'ora, anakichokonoa kwa waya mpaka kinakubali. Ufunguo wa nini?" Naftali alimgeukia. "Mzee, nilikuambia neno la kamera lisifanane na la intaneti. Ulibadilisha?"

Baba Anneth alikohoa. "Nilikuwa nangoja nipate nafasi."

"Basi mtu alisimama nje ya ukuta na simu yake, akaingia kwenye intaneti yenu, akatembea mpaka kwenye kamera. Mmefanya ufunguo mmoja ufungue milango yote. Nani analijua hilo neno?"

"Mimi, mama yake, na huyu."

Macho yote yalimgeukia Anneth.

"Umempa mtu?" aliuliza baba yake.

"Hapana," alisema Anneth. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na lilipotoka halikurudishika.

"Mimi namjua," alisema mama yake. "Siku unafunga hizi kamera, Naftali, Mama Penina alikuwa amekaa hapa hapa barazani. Masikio si anayo? Kesho asubuhi naenda polisi, na jina lake nalitaja."

Jioni Anneth alisogeza sahani yake pembeni. Ukweli aliujua yeye peke yake. Tangu intaneti ifungwe, baraza lao lilijaa watoto kila siku baada ya shule, naye alipenda hivyo kuliko kitu chochote. Lydia alikuja, Reginald akaja, na Reginald akaja na wenzake. Kila mmoja alimwita bosi, na kila mmoja alipewa neno la siri. Aliwaonyesha hata picha za kamera kwenye simu ya zamani ya mama yake, wakacheka kumwona jogoo wa Mama Penina akipita.

Na kulikuwa na kijana mmoja wa kofia nyekundu, mpole, aliyesema pikipiki yake inatengenezwa ng'ambo ya barabara.

"Dada, nisaidie intaneti nimtumie mama yangu ujumbe," alimwambia. Alipopewa, akatazama juu ukutani. "Kamera kali hizi. Mkisafiri je, mnaona?"

"Tunaona hata tukiwa Rombo," Anneth alijibu kwa maringo. "Tunaondoka tarehe ishirini na mbili."

Maneno hayo sasa yalimrudia kichwani, na kila yaliporudi alijifunika uso kwa mikono.

Asubuhi alikuwa akifagia uwanja aliposikia akiitwa kutoka upande wa masale.

"Shikamoo, bibi," alisema, akitazama chini.

"Marahaba. Pokea hili." Mama Penina alipitisha bakuli kubwa juu ya uzio. Lilijaa mayai. "Mlipoondoka, kuku wenu walihamia kwangu. Maji wangepewa na kamera? Wametaga chini ya migomba. Mayai ni ya mama yako. Mwambie ayapokee, asije akanidai na haya."

Akaondoka bila kungoja jibu.

Anneth alibaki ameshika bakuli. Mama yake alitoka ndani akifunga kitambaa kichwani, mkoba begani, tayari kwa safari ya polisi.

"Hayo mayai umeyatoa wapi?"

"Kwa bibi. Ni yetu. Mama, usiende. Si yeye. Neno la siri nililitoa mimi."

"Ulimpa nani?"

"Wote."

Mama Anneth alikaa kwenye ngazi. Hakumpiga, hakumfokea. Alimsikiliza mpaka mwisho, mpaka kwenye kofia nyekundu, kisha akayatazama yale mayai.

"Nimemwita mwizi mbele ya mtaa mzima," alisema. Anneth aliona afadhali angechapwa.

Baba yake alivuka barabara kwenda kwa mafundi. Ephraimu, mkubwa wao, alimkumbuka yule kijana mara moja, maana alileta pikipiki mara tatu na haikuwa na ubovu wowote. Namba za pikipiki hiyo alikuwa ameziandika. Namba hizo zikaenda polisi pamoja na maelezo ya Naftali, na siku ya pili cherehani ikapatikana, sare za kwaya zikiwa bado zimekunjwa. Runinga na mtungi havikuonekana.

Lakini siku hizo mbili Mama Anneth alipokwenda dukani alizunguka njia ya juu, asipite mbele ya geti la Mama Penina. Jioni moja alijikaza, akapenya kwenye uwazi wa nyuma ya uzio.

"Jirani, nimekuja kuomba samahani," alinong'ona.

"Ulinitukana hadharani, saa nne asubuhi, watu wamejaa," alijibu Mama Penina. "Samahani nayo ije saa nne, pale pale. Isije kwa mlango wa nyuma kama kibaka."

Kesho yake saa nne Baba Anneth alikata jani la isale kwenye uzio, akalifunga fundo, akampa mkewe. Uchagani, na hata kwa Wameru, aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Ng'ambo, injini zilizimwa moja baada ya nyingine.

"Mama Penina," alisema Mama Anneth kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza nyanya, "nilikuita mwizi. Si kweli. Nisamehe."

"Na mimi nilinyang'anya ufunguo nikaamini nyaya," aliongeza mumewe. "Kisha nikaambiwa nibadilishe neno la siri, nikaona uvivu."

Mama Penina alilipokea jani. Akamtazama Anneth. "Huyu bado hajasema."

Anneth alihisi masikio yakiwaka moto. "Neno la siri niliwapa watu mimi. Nilipoulizwa nikasema hapana. Nikanyamaza huku bibi anaitwa mwizi."

"Kumbe waifai ilikuwa ya mtaa mzima," alisema Ephraimu. "Mimi tu ndiye sikupewa."

Watu walicheka. Anneth alitamani ardhi impokee, lakini hakukimbia. Mama Penina aliwaacha wamalize kucheka, kisha akainama mpaka uso wake ukakaribia wa mtoto.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ufunguo ni ufunguo, uwe wa chuma au wa maandishi. Haugawiwi ili mtu apendwe. Wanaokupenda watakuja barazani hata bila intaneti. Na safari ya nyumba yenu haitangazwi kwa mpita njia. Aibu unayoisikia sasa itapita, kwa sababu umeisema mwenyewe. Ungeificha, ungekuwa nayo mpaka uzeeni."

"Nimesikia, bibi."

Baba Anneth alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa akiba. "Maneno ya siri nimeyabadilisha jana, yote mawili, na hayafanani. Lakini huu naomba urudi kwako."

Mama Penina aliuangalia ufunguo, akaliangalia isale mkononi mwake, akaupokea.

"Mkebe uko pale pale," alisema, akasogeza masale kwa kiwiko kuwafungulia njia. "Lydia na wenzake wanachungulia nini huko getini? Waite nao. Nimechanganya mahindi na maziwa mgando, loshoro ya sufuria nzima, na mtu mmoja hali loshoro ya sufuria nzima. Ingieni ndani mle."