Minyoo Badala ya Dawa

"Ukimwambia mama yako, urafiki wetu basi!" Jolene alinong'ona kwa ukali. "Nakuapia, Britta, basi kabisa!"

"Kwa hiyo ninyamaze tu?"

"Sili kitu tena mpaka Chicago. Nisipokula, sindano ya nini?"

"Ushakula! Ile sahani ya viazi na jibini aliimaliza nani, bibi yangu?"

Walikuwa kiti cha nyuma, na katikati yao kisanduku cha plastiki cha bluu. Mbele, Bi Karin, mama yake Britta, aliendesha gari huku akiimba pamoja na redio, hana habari. Tangu Krismasi wasichana hao wa darasa la saba walikuwa wakihesabu siku za kufika likizo ya majira ya kuchipua, waende kuliona jiji. Britta alitaka kuiona kwa macho yake mifupa ya dinosaria katika jumba la makumbusho la huko. Zilibaki saa mbili tu wafike.

Kisanduku kile kilitakiwa kuwa na insulini. Jolene alikuwa na kisukari tangu utotoni, na bila sindano zake hawezi kuishi. Asubuhi aliamka amechelewa, akasema sindano ya kwanza atajichoma njiani. Alikimbilia jokofu la ghalani dawa zake zilimowekwa, akakwapua kisanduku na kurukia garini. Bi Karin alipouliza, "Dawa?" alikiinua juu: "Hii hapa!" Lakini kwao, kaskazini mwa Wisconsin, mvuvi huweka chambo ndani ya jokofu, na mle mle kaka yake Jolene aliweka chake katika kisanduku kama hicho hicho. Walipopumzika kula, Jolene alikula kwanza, kisha akaenda chooni kujichoma. Akafungua. Minyoo minene ilikuwa ikijinyonganyonga kwenye udongo.

"Mama yako atageuza gari," Jolene alisema sasa, akimaliza chupa ya tatu ya maji. "Unazitaka dinosaria zako au huzitaka?"

Britta alizitaka. Akatazama dirishani, mashamba yakipita, akanyamaza maili kumi nzima. Kisha akasikia rafiki yake akipumua kwa nguvu kama aliyepanda kilima. Pumzi yake ilinuka kama tunda lililooza.

"Jipime," Britta alisema.

"Niache. Tumbo linauma."

Britta alichukua kipimo cha sukari mfukoni mwa begi la Jolene na kumtoboa kidole. Namba ikatokea: mia nne themanini na tisa. Jolene siku zote alilalamika ikipita mia mbili.

"Mama! Jolene hana dawa! Kisandukuni mna minyoo!"

Redio ikazimwa. "Mna nini?"

"Minyoo, Mama! Ya kuvulia samaki! Na sukari yake inakaribia mia tano!"

Bi Karin hakuuliza la pili. Aliwasha taa za hatari, akachepuka kwenye njia ya kwanza ya kutoka barabara kuu, akawa anawaeleza watu wa dharura kwa simu hali ya mgonjwa. Jolene alitapika miguuni pake. Britta alimshika mkono.

Katika hospitali ya mji ule mdogo, Jolene alitundikiwa dripu na kupewa insulini. Alipoiwasha simu yake aliyokuwa ameizima, alikuta kaka yake amempigia mara kumi na moja. Alikuwa amefungua kisanduku alichodhani ni chake ziwani ili atoe chambo, akakuta sindano.

Wakalala hospitalini. Asubuhi daktari akasema mgonjwa anaweza kuondoka, ila kama angechelewa saa chache zaidi, mazungumzo yangekuwa mengine. Jolene akaanza kulia.

"Bi Karin, nisamehe. Niliogopa utaturudisha."

"Ningewarudisha, ndiyo," Bi Karin alijibu. "Na mngenuna siku mbili, kisha mngepona. Kununa hakuui mtu. Mficha maradhi, kilio humfichua, na jana kilio kilikuwa kimeshapiga hodi. Na wewe Britta, umesema, vizuri. Lakini ulikaa kimya muda gani?"

"Maili kumi, Mama."

"Siku nyingine usimpe ugonjwa hata maili moja. Rafiki anayekutaka umfichie jambo linaloweza kumuua, mwache anune. Haya, ingieni garini. Tunakwenda nyumbani."

Kabla hawajaondoka, Bi Karin alimkabidhi Jolene kisanduku cha bluu. Jolene akaenda nacho hadi kwenye bustani ya hospitali, akaimwaga minyoo yote chini ya maua, akarudi na kuketi. Bila kuulizwa na mtu, alitoboa kidole.

"Mia moja hamsini na mbili," alisoma kwa sauti.

"Nimesikia," alisema Bi Karin, akaligeuza gari kuelekea kaskazini.