Kibuyu cha Jumapili ya Mavuno

Bwi. Kimya. Kisha tena, bwi, bwi.

Ilikuwa alfajiri ya Jumapili ya Mavuno, bado giza, na sauti ilitoka jikoni, penye kibuyu cha asali. Kezia aliisikia akajifunika khanga hadi kichwani. Mtu mwingine angedhani ni panya. Yeye alijua si panya.

Asali ile ilikuwa sadaka. Baba yake aliirina mwenyewe porini, akaileta nyumbani Nyakitonto kwa baiskeli, akasema hakuna wa kuigusa mpaka aifikishe mbele ya kanisa. Siku hizo sukari ilikuwa haionekani dukani, na Kezia wa darasa la tano alipenda vitamu kuliko usingizi.

Jumatatu ya wiki hiyo, mama alipokwenda kwenye kisomo cha watu wazima, Kezia alibaki akichochea moto wa maharage. Alikifungua kibuyu anuse tu. Akachovya kijiti aone tu kama asali ni nzito. Hapo akakumbuka mafundisho ya kanisani, akafumba macho akaomba, "Bwana Yesu, nipe nguvu." Alipofumbua, asali ilikuwa inadondoka, naye akailamba isipotee bure. Jumanne aliomba tena, kijiti kikiwa mkononi vilevile. Kufikia Jumatano kibuyu kilikuwa nusu. Akaogopa, akatia vikombe vitatu vya maji, akakiziba na kukirudisha karibu na meko.

Kulipopambazuka, baba alivaa shati jeupe, akakinyanyua kibuyu. Kizibo kiliruka kikampiga Bibi Esteri, mama mzazi wa baba, begani. Povu lilimwagikia shati, na harufu ikajaa nyumba nzima. Nchi ile ya warina asali, hakuna asiyejua kuwa asali yenye maji huwa pombe ikikaa penye joto.

Bibi Esteri aliweka chini kikombe chake cha uji. Mwanawe alikuwa ameacha pombe miaka miwili iliyopita, alipookoka, na mpaka leo majirani walimsalimia huku wakimnusa.

"Mwanangu," alisema, "kama umerudi kunywa, si ungekunywa huko kwa wenzako? Sasa unaipika ndani ya sadaka?"

Baba alijitetea, lakini mtu anayenuka pombe kuanzia kola hadi kiunoni nani atamsikiliza? Bibi akasema kibuyu kitakwenda kwa mchungaji vivyo hivyo, na baba aurudishe uzee wake wa kanisa leo leo. Mama alikuwa akilengwalengwa na machozi.

Kezia aliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na ndoo ya maji ilikuwa tupu; angeweza kwenda zake mtoni. Akaomba kimoyomoyo, Bwana Yesu, nipe nguvu. Kisha akafungua mdomo.

"Baba hajapika pombe. Mimi nilikula asali, nikatia maji."

Bibi alimtazama yeye, kisha kibuyu, kisha mwanawe aliyekuwa bado akidondoka povu. Akacheka hadi akashika nguzo, halafu akamwomba msamaha na kumtafutia shati jingine. Baba yeye hakucheka mpaka kesho yake. Aliimwaga pombe migombani, ambako jogoo alionja akawika mchana kutwa. Kanisani walipeleka kikapu cha maharage, na Kezia ndiye aliyekibeba kichwani.

Jioni mama alimkalisha kando yake, Kezia akamsimulia yote.

"Jumatatu uliomba nguvu huku umeshika kijiti," alisema. "Leo umeomba mikono mitupu, ukazipata. Yesu hachoki kutusaidia, mwanangu. Ila ukimwita, weka kijiti chini, uondoke. Na miguu ikigoma, ita mtu. Huyo naye Yesu anaweza kumtuma."

Wiki mbili baadaye baba alirudi porini na kuleta kibuyu kingine. Mama alikuwa nje akianika mihogo, na Kezia alikuwa jikoni peke yake. Kisha sauti ikatoka, kubwa, mpaka kwa majirani:

"Mama, njoo uitoe asali hii, nataka kuilamba."