Subiani wa Kusingiziwa

Karatasi ya kitanda cha uchunguzi ilikuwa imebonyea katikati, kana kwamba mtu ametoka kulala juu yake, ilhali Daktari Kafedha ndiye aliyeitandika na hakuna mgonjwa aliyepanda. Akaivuta ikanyooka. Ikabonyea tena. Akasema moyoni kwamba hata godoro la zahanati lina haki ya kuchoka, kisha akamwita Hadeel aingie.

Hadeel akaingia na mkwewe, mama wa mumewe. Aliulizwa Hadeel, akajibu Mama Anis.

"Mimba ilikuwa ya miezi mingapi?"

"Mitano, daktari. Subiani, yule jini mla mimba, akaichukua. Alhamisi tumemfukizia ubani, tukamwekea sinia, tukamwita kwa jina lake aje atwambie ataka nini."

Kafedha akamfunua Hadeel tumbo. Chini ya kitovu, kushoto, palikuwa na alama iliyoanza kugeuka manjano, na mistari ya soli ikisomeka.

"Huyu subiani wenu avaa viatu?"

Mama Anis akajivuta mtandio. "Mimba hutoka, mwanangu. Wewe andika imetoka yenyewe, watu warudi kwao. Mumewe, Anis wangu, yuko hapo barazani kwa dhamana ya polisi, hali, halali."

"Pole yake. Tupishe kidogo, mama." Mama Anis akatoka barazani kwa mwanawe.

Polisi wa Kisauni humletea Kafedha watu waliopigwa, naye huwapima na kuandika maoni ya kumfaa hakimu. Alishazoea kusikia habari za ngazi zinazosukuma wanawake na milango inayowavamia. Jini alikuwa mshtakiwa mpya.

Akafanya kazi yake pole pole, maana mimba hutoka kwa sababu nyingi na wakili wa Anis angezitaja zote. Malaria hakuna. Presha ilikuwa sawa. Kliniki ya wajawazito haikuona kasoro. Damu ilianza jioni ile ile ya teke, na hospitali iliyompokea ilikuta kondo la nyuma limebanduka, damu imeganda nyuma yake.

"Nataka mtu mmoja tu aandike kwamba mtoto wangu alipigwa," Hadeel akasema. Kisha akashusha sauti. "Hakukuwa na jini, daktari. Nilimwona Anis akiinua mguu. Lakini tangu Alhamisi yupo. Walimwita, akaja. Hukaa mwisho wa kitanda, auliza ameitiwa nini."

"Hiyo ni huzuni, na kukosa usingizi. Una pa kwenda?"

"Kwa shangazi yangu, Kongowea."

"Pitia mlango wa nyuma. Maoni yangu nitawapa polisi mwenyewe."

Hadeel akaondoka. Kafedha akaketi kuandika. Lilikuwa jua la utosi, saa ambayo hata kuku wa jirani hunyamaza, na katika kimya kile akasikia karatasi ya kitanda ikilia chakacha, chakacha, kama mtu anayejilaza taratibu kwa sababu mgongo unamuuma, kisha ikaja harufu ya ubani, na chini yake harufu nyingine ya maziwa yaliyochacha kwenye kanga, na alipotaka kuinuka akaona miguu yake haimsikii, na alipotaka kujiambia kwamba ni uchovu, karatasi ikazama mbele ya macho yake, kichwa, mabega, nyonga, bila ya mtu.

"Ndoo hapa, unipime nami, daktari," sauti ya kike ikasema, ya mtu mzima, yenye adabu za mji wa kale.

Miguu ikamsikia sasa, lakini ilimpeleka kitandani badala ya mlangoni. Akaweka kiganja pale tumbo lingekuwapo. Akagusa ngozi baridi iliyoshikana na uti wa mgongo.

"Mna nini humo tumboni?"

"Hamna kitu," Kafedha akanong'ona.

"Nao wasema n'mekula."

"Wamekusingizia."

"Basi andika."

Akaandika, na maneno yalikuwa yale yale ambayo angeandika hata kama angekuwa peke yake: mimba imeharibika kwa pigo la tumboni. Akatia sahihi.

"Aliyempiga ni nani?"

"Mimi husema amepigwa. Nani kampiga, atasema hakimu."

"Hakimu ni mbali," sauti ikasema. "Nami n'meshakaribishwa, na njaa n'nayo."

Karatasi ikanyooka yenyewe. Harufu ikatoka kuelekea barazani.

Muda haukupita, mlango ukafunguliwa. Mama Anis alikuwa amemshika mwanawe kwapani. Anis alitembea kwa kujikunja, vifungo vya shati vimekatika, tumbo limetangulia mbele kama la mwanamke wa mwezi wake.

"Daktari," akasema kwa sauti ndogo, "kitu kinanipiga teke. Kwa ndani."

Kafedha akamgusa. Akapigwa kiganjani kwa nguvu hata akarudi nyuma. Akawatazama wote wawili.

"Alhamisi mlimwita kwa jina gani?"

Mama Anis akatikisa kichwa. Anis akagumia, akapiga magoti sakafuni. Basi mama akainama hadi midomo yake ikakaribia tumbo la mwanawe, akalitamka lile jina kwa heshima yote aliyokuwa nayo.

"Abee," tumbo likaitika.