Siku Nne za Ngazija

Priska aliingia katika mapenzi akiwa amekasirika, na asitokee mtu wa kumlaumu, maana kitambaa kilikuwa cheupe.

Ilikuwa siku ya soko Hedaru, mwaka wa hamsini na tatu. Treni ya kutoka Tanga ilikuwa imesimama, abiria wanagombania milango, wauza ndizi wanapigiana kelele chini ya madirisha. Priska, fundi cherehani kwenye baraza ya duka la shangazi yake, alikuwa amepokea jora la kitambaa cha kanzu za kwaya. Aliliweka chini mara moja tu ili atie sahihi. Hapo hapo kijana mmoja akaruka kutoka kwenye behewa, kaptura ya kaki imepigwa pasi hadi imesimama yenyewe, akatua juu ya jora na viatu vyenye grisi.

"Wee kaka! Huna macho?"

"Ninayo, dada. Yalikuwa yanakutazama wewe."

"Basi ungeitazama na hiyo miguu! Hiki kitambaa ni cha kanisa!"

"Nipe nikakifue. Naitwa Tumainieli, karani wa stesheni ya Same. Kisiporudi cheupe, njoo unifunge."

Kilirudi cheupe. Alikuwa amempa Mwanahalima, mama wa Kingazija muuza vitumbua pale Same, akakisugua kwa ndimu na kukianika juani siku mbili. Pamoja na jora kulikuwa na kikaratasi: kesho saa kumi, asimame karibu na ofisi ya stesheni, atapigiwa simu.

Simu yenyewe ilikuwa ya reli, ya kuulizana treni imefika wapi. Waya ulikuwa mmoja kwa stesheni zote, na yeyote aliyeinua chombo, awe Lembeni au Makanya, alisikia kila kitu. Mzee Omari, stesheni masta wa Hedaru, alikuwa mtu wa sheria, lakini pia alikuwa na mabinti watano.

"Priska! Same wanaita, na si habari za treni. Dakika mbili!"

Dakika mbili kila siku, kwa miezi minane, zilitosha kabisa. Posa ikapelekwa Vunta milimani kwa baba yake Priska, Mzee Naftali, ikapokelewa. Tumainieli alikuwa mtu wa Ugweno, ameshika dini, ana kazi, hakuna aliyepinga. Harusi ikawekwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba.

"Haloo, roho yangu."

"Roho yako ina mashati sita ya kushona. Sema haraka."

"Nimepata likizo. Siku kumi na nne, kuanzia Jumatatu baada ya harusi."

"Na meli?"

"Tanga mpaka Unguja, Unguja mpaka Moroni. Inakwenda mara moja tu kwa mwezi, lakini imetuangukia. Siku nne nzima kisiwani Ngazija, mpenzi! Mwanahalima ameshamwandikia kaka yake. Chumba kipo, dirisha linatazama mlima."

"Ule unaotoa moto?"

"Huo huo. Anasema usiku ardhi inanguruma chini ya kitanda."

"Nikiogopa je?"

"Nitakushika."

Mzee Omari akakohoa. "Mwenye kushika atashika baadaye. Treni ya mizigo inaomba njia."

Wengine watasema siku nne ni nini. Kwa Priska zilikuwa kila kitu. Tangu ana miaka tisa alibeba maji, akabeba wadogo zake mgongoni, na alipokua akashona magauni ya harusi za wenzake. Hakuwahi kumwomba mtu kitu. Hizi siku nne zilikuwa zake. Kila aliposhuka Same kununua uzi alikaa kwa Mwanahalima akamhoji: ni kweli mawe ya kule ni meusi? Ni kweli barabara nzima inanukia mlangilangi? Juu ya mlima kuna baridi? Basi akashona gauni la buluu lenye kola nyeupe, akaanza kufuma sweta mbili, yake na ya Tumainieli, na karatasi za ruhusa kutoka bomani akazikunja ndani ya Biblia.

Jumanne ya wiki ya harusi alikwenda stesheni mwenyewe amwombe Tumainieli vipimo vya sweta yake. Mzee Omari akamwashiria achukue chombo. Akakiinua, akakuta watu wanazungumza. Sauti moja ilikuwa ya Gideoni, karani wa Lembeni. Nyingine aliijua mno.

"Ngazija nimeifuta, Gideoni. Barua kwa wakala wa meli naituma Ijumaa."

"Na bibi harusi umemwambia?"

"Hajui. Nitamwambia tukishafunga ndoa. Akijua sasa hivi, patawaka moto."

"Umeshawaka!" alisema Priska.

Kwenye waya vikasikika vyombo vingine vikiinuliwa, kutoka Lembeni mpaka Makanya.

"Priska? Priska, mpenzi, nisikilize. Kuna neno nimempa baba yako—"

"Baba yangu ndiye unayemwoa?"

"Siwezi kulisema hapa, watu wanasikia."

"Walisikia ukiniahidi, sasa wasikie ukiahidua! Unangoja nivae pete kwanza, nisiwe na pa kwenda, ndipo uniambie? Tafuta mwanamke mwingine wa kumfuta. Mimi si ratiba ya treni."

Akagonga chombo mahali pake mpaka Mzee Omari akaruka. Simu ikalia mara sita.

"Mwambie nimekufa," alisema Priska.

"Nitamwambia umekasirika, binti yangu. Kufa ni habari ya telegramu."

Siku ileile akapanda njia ya Vunta. Ni njia ya kukata pumzi hata kwa mtu aliyetulia, naye hakuwa ametulia. Alipanda huku akiongea peke yake, na waliokutana naye wakampisha. Alimkuta baba yake ameketi mlangoni, kiuno kimefungwa shuka kwa maumivu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bibi harusi anatembea peke yake?"

"Umemwambia nini Tumainieli?"

Mzee Naftali alitazama pembeni. "Baragumu limelia," alisema. "Jumatatu ni msaragambo."

Priska alijua maana yake. Ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, lilikuwa limejaa tope, na kila nyumba ilipaswa kuleta mtu wa kuchimba sehemu yake, asitoroke yeyote. Kaka zake wawili walikuwa kwenye mkonge Tanga, na kwa miaka miwili hawakutokea. Nyumba inayokosa mwaka wa tatu hainyang'anywi mbuzi tu, inakatwa zamu ya maji. Bila zamu hapakuwa na mahindi wala maharage ya kiangazi.

"Kiuno hiki hakichimbi tena," alisema mzee. "Nilimwomba mkwe. Akakubali kutoa likizo yake aje kuchimba. Mimi ndiye niliyemwambia asikuambie."

"Kwa nini?"

"Ungegombana, ukashika jembe mwenyewe. Halafu watu wangejua. Nina watoto wa kiume wawili wazima, halafu isikike kwamba maji yangu yametafutwa na binti? Sura yangu ningeiweka wapi?"

Priska alihisi machozi, akayakataa.

"Kwa hiyo aibu ni yako, siri ni yake, na siku zilizotolewa ni zangu. Mkakaa wanaume wawili mkagawana kilicho changu, mimi niko Hedaru nafuma sweta!"

"Priska, mimi ni baba yako."

"Ndiyo maana sijasema yote."

Alfajiri ya Jumatano alichukua jembe, akaenda kwa Mzee Eliezeri, msimamizi wa ndiva. Wiki hiyo alitakiwa awe ndani, anapakwa mafuta, anakula na kunenepa. Mzee Eliezeri alimtazama toka kichwani mpaka kwenye miguu mitupu.

"Sehemu ya nyumba ya Naftali ni ipi?"

"Kazi inaanza Jumatatu, binti."

"Tope liko leo. Nipimie."

"Wewe ni bibi harusi!"

"Mimi ni wa nyumba ya Naftali mpaka Jumamosi. Nipimie."

Mzee akapima kwa kamba, pima nane za ukuta. Priska akapandisha khanga, akashuka kwenye tope. Alichimba, akabeba, akamwaga juu ya ukuta, akashindilia. Siku ya kwanza wanawake waliopita mferejini walicheka. Shangazi alipanda kutoka Hedaru, akalia kwamba mikono ya bibi harusi imetoka malengelenge, watu watasema nini. Priska akamwambia waseme wakiwa wameshika jembe. Alhamisi rafiki yake Zipora akaja na jembe la kwao, akaanza kuchimba. Ijumaa asubuhi akaja Mzee Naftali mwenyewe, anatembea kwa fimbo. Akaketi juu ya ukuta, akaanza kushindilia udongo kwa viganja. Priska akawa anamwaga udongo mbele yake.

Mchana Tumainieli akatokea, suti ya harusi imening'inia begani, jasho linamtiririka.

"Priska! Unafanya nini?"

"Nachimba likizo yako."

"Mpenzi, hii ni kazi yangu, niliahidi—"

"Uliahidi mara mbili! Mimi ulianza kuniahidi miezi iliyopita, na ya kwangu ndiyo uliyoona nyepesi kuivunja."

"Nilimwonea huruma mzee. Nikajua utaumia, nikasema nikufiche kidogo."

"Ungenipigia! Dakika mbili! Ungesema, 'Priska, kwenu kuna tatizo.' Ningepanda siku hiyo hiyo. Hivi unadhani nimelelewa wapi mimi, ikulu?"

Tumainieli akaitundika suti kwenye tawi. "Nimekosa," alisema. "Sina la kujitetea. Nilikupangia maisha yako na mtu mwingine, wewe hupo. Nimekosa."

"Barua umeshatuma?"

"Niliifikisha kwenye mfuko wa posta. Mkono ukakataa kuiachia." Akaitoa mfukoni, imelowa jasho.

Priska akaipokea, akaitupa kwenye ukuta mbichi, akaishindilia kwa kisigino hadi ikazama.

"Zimebaki pima mbili. Vua viatu."

Walichimba bila maneno ya mapenzi. Kila Tumainieli alipomwaga tope vibaya alikemewa, naye akarudia. Jua lilipoegemea, pima ya nane ikaisha. Mzee Eliezeri akaja na kamba yake, akakagua ukuta kwa mguu, akageukia watu waliokusanyika kutazama. Kwa desturi, msimamizi huuliza kwa sauti, na mwenye nyumba hujibu kwa sauti, ili wote wawe mashahidi.

"Nyumba ya Naftali! Nani amechimba?"

Macho yote yakamwendea Tumainieli, amesimama pale na tope mpaka magotini. Ilikuwa rahisi. Neno moja, "mkwe", na uso wa mzee ungepona. Tumainieli hakufumbua mdomo. Alimtazama mkwewe tu.

Mzee Naftali akajikongoja, akasimama kwa fimbo yake.

"Binti yangu," alisema. Halafu akapaza sauti, wa ng'ambo ya mfereji nao wasikie. "Priska binti Naftali! Ndiye aliyechimba!"

Hapo ndipo Priska alipolia, kwa sauti, mikono yenye malengelenge imefunika uso, na hasira ya siku nne ikamtoka pamoja na kamasi. Tumainieli akamsogelea, lakini hakumgusa.

"Kesho utakuja kanisani?" aliuliza taratibu.

"Nitakuja. Na Jumatatu nitapanda treni, na dirishani nitakaa mimi." Akajifuta kwa khanga, akajipaka tope zaidi. "Lakini ujue bado nimekukasirikia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Moroni," alisema Priska, akampa jembe ambebee.