Rangi Nyekundu ya Chiku

Kila asubuhi Chiku alifagia uwanja wa nyumbani kwao Ipogolo, mjini Iringa, akanywa uji, akasugua sufuria, kisha akampitia rafiki yake Foram waende shule. Wote wawili walikuwa darasa la sita. Baba yake Foram aliuza vifaa vya ujenzi, nao waliishi nyuma ya duka.

Jumatatu, Mwalimu Lusia aliwapa habari njema. "Tutachora ukuta wa darasa la kwanza, wadogo zenu wafurahi. Ila hatutanunua rangi. Kila kundi litatengeneza yake kwa vitu vinavyotuzunguka."

Kundi la Aroni lilipewa nyeusi, wakakimbilia mkaa. Chiku na Foram walipewa nyekundu, rangi ya jogoo mkubwa ambaye angekaa katikati ya ukuta.

Chiku alichimba udongo mwekundu kando ya njia, akaukoroga na maji, akapaka kwenye kipande cha ubao. Ulipendeza kweli! Lakini ulipokauka, alipitisha kiganja na wote ukatoka kama vumbi. Alijaribu tena Jumanne, kisha Jumatano. Mambo yalikuwa yale yale.

Jioni hiyo aliona kopo la rangi nyumbani kwa Foram, limebaki nusu baada ya kupaka geti.

"Nipe kidogo," alisema. "Nitachanganya na udongo, Mwalimu hatajua."

"Lakini Chiku, si amekataza?"

"Kidogo tu!"

Alhamisi Mwalimu Lusia alisugua ubao wa Chiku kwa kitambaa chenye maji. Rangi haikutoka. Darasa zima likapiga makofi.

"Hongera! Kesho utatufundisha sote ulivyoitengeneza," alisema Mwalimu.

Chiku alitabasamu. Angefundisha nini? Mchana hakugusa makande yake. Mwishowe aliinuka, akaenda ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Chiku. Mbona machozi?"

"Ile rangi ni ya dukani. Nilimshawishi Foram anipe. Naomba unisamehe."

Mwalimu Lusia aliweka kalamu chini. "Umekosea. Kesho utawaambia wenzako wewe mwenyewe. Sasa nieleze, udongo wako ulishindwa wapi?"

"Ukikauka, unapukutika."

"Kwa hiyo unakosa nini?"

Chiku alifikiri. "Kitu cha kuushikilia." Mara akakumbuka sufuria ya uji, jinsi inavyomsumbua kila asubuhi. "Mwalimu! Uji ukikauka haubanduki!"

"Nenda kajaribu," alisema Mwalimu, naye akicheka.

Alimkuta Foram na kumweleza yote. Walipotoka shule walikwenda nyumbani kwa Chiku, wakatwanga udongo ukawa laini, wakauchekecha kwa kipande cha khanga. Walipika uji mzito wa unga wa ngano, wakauacha upoe, wakauchanganya na udongo. Mara ya kwanza walipaka rangi nene mno, ikapasuka nyufa. Wakaongeza maji, wakapaka nyembamba, ikakauka, wakarudia juu yake. Chiku alisugua kwa kiganja. Kiganja kilikuwa safi! Walirukaruka mpaka mama yake Chiku akatoka kuuliza kulikoni.

Ijumaa Chiku alisimama mbele ya darasa. "Rangi ya jana ilikuwa ya dukani. Niliwadanganya. Nisameheni."

"Kumbe! Na sisi tulikupigia makofi!" alisema Aroni, watu wakacheka.

"Hii ya leo ni yetu kweli," Chiku alisema, akaanza kuwaonyesha hatua kwa hatua. Aroni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba uji, kwa sababu mkaa wake nao ulikuwa ukitoka ovyo.

Hadi saa tisa ukuta ulikuwa umejaa: milima ya njano, ng'ombe weusi, na jogoo mwekundu mwenye mkia kama moto. Nyuso zilikuwa na madoa mengi kuliko ukuta. Sekela, mtoto wa darasa la kwanza, aligusa jogoo kwa kidole, akakitazama kidole chake, akapiga kelele, "Hatoki!"

Mwalimu Lusia aliwakusanya. "Jana Chiku alikuwa na rangi nzuri ambayo hakuweza kumfundisha mtu kuitengeneza," alisema. "Leo sote tunaijua, kwa sababu alisema kweli kisha akarudi kazini. Ukikwama, usifiche. Sema umekwama, halafu jaribu tena. Haya, nani anaosha brashi?"

Mikono yote, yenye kila rangi, ikapanda juu.